Jina la Kumi na Moja

Procès-verbal, ile ripoti ya kikao chetu, imerudishwa kutoka ofisi ya mkoa. Hakuna aliyelalamikia uamuzi wenyewe. Kosa, wanasema, ni maneno matatu yaliyofutwa kwa kalamu kwenye ukurasa wa mwisho, penye sahihi za wajumbe. Wanataka ukurasa mpya, safi. Mimi Josiane, mwalimu, nimesahihisha madaftari ya watoto kwa miaka kumi na tisa na ninajua uchafu wa kalamu ni nini. Ule si uchafu. Lakini karatasi ya serikali haina nafasi ya kueleza, basi nitaeleza hapa.

Aliyefuta maneno hayo ni Mama Elisabeth, jirani yangu, mkulima wa mihogo upande huu wa mto. Zamani hakuna aliyemwita Elisabeth. Aliitwa Mama Naomie, kwa jina la mtoto wake wa pekee, na alijulikana hadi ng'ambo ya mto kwa kazi yake ya kusemea watu kwenye mahari. Kwetu, familia inapokwenda kupokea mbuzi haijisemei yenyewe, inachagua msemaji. Na haimchagui kwa sauti nzuri tu. Wanamketisha, wanamweleza mambo ya nyumba yao mara moja, kisha wanamwambia: haya, turudishie. Akikosea, au akiongeza, wanampa chakula, wanamshukuru, wanatafuta mwingine.

Mama Naomie hakuwahi kukosea. Aliongeza mara moja tu, na ilikuwa kwa binti yake mwenyewe. Wakwe walipokuja kutoka ng'ambo alikataa kumwachia mtu mwingine kazi hiyo, akawaambia Naomie ana diploma ya sekondari. Naomie alikuwa ameishia mwaka wa nne kati ya sita. Mbuzi waliongezwa, watu wakala, wakacheza. Miezi sita baadaye wakwe waliomba kuiona ile diploma, wakitaka kumtafutia kazi kwenye kituo cha afya. Hawakumfukuza. Walimnunia tu, na msichana akaishi katika nyumba ambayo hata chumvi ilimbidi aiombe.

Mimba ilipokomaa hakutaka kujifungulia mikononi mwao. Akaanza safari ya kurudi kwa mama yake, katikati ya mvua, uchungu ukamshika njiani. Wanaume wanne walimbeba kwa tipoyi, kile kiti chetu cha miti cha kubebea wagonjwa, hadi mtoni. Magogo tunayoyaita daraja yalikuwa yamechukuliwa na maji. Alifia pale ukingoni, na kutoka pale paa la nyumba ya mama yake linaonekana.

Tangu siku hiyo watu waliacha kumwita Mama Naomie, wakidhani wanamhurumia. Nami nilikuwa mmoja wao. Yeye naye akaacha kusemea watu, na harusi mbili tatu zikaharibika kwa kukosa mdomo wake.

Mwaka jana sekta, ile serikali ndogo inayotutawala huku Walikale, ilipata fungu lake la kodi ya madini. Halikutosha kujenga daraja la chuma. Lilitosha kumlipa mtu aende Kinshasa kulisemea, liingie kwenye mpango wa taifa. Kuna kabine za kazi hiyo, ofisi za watu wanaobisha milango ya mawaziri kwa niaba ya wengine, na sheria inataka zishindanishwe. Papa Floribert, mkuu wa sekta, akaunda tume ya watu watano: yeye mwenyewe, Déo karani wake, muuguzi wa kituo cha afya, mimi wa kuandika, na mama mmoja wa kuwakilisha wenzake. Nilimpendekeza Elisabeth. Alikataa mara mbili, na mara ya tatu akaja amevaa kikwembe, kile kitenge chake cha siku za kusemea mahari.

Kabine tatu ziliomba. Moja ilitupwa mapema kwa kukosa karatasi fulani ambayo Déo peke yake ndiye aliyejua umuhimu wake. Zikabaki mbili. Moja ilikuja na mkubwa wake, Bwana Fiston, mtu wa viatu vinavyong'aa hata kwenye matope yetu, na sijui alifanyaje. Nyingine ilimtuma mwanamke mfupi mwenye sauti ya mafua, Céline, na daftari. Jedwali la Déo lilikuwa na alama za uzoefu, alama za bei, na alama thelathini za kuelewa kesi yetu. Kabla ya alama hizo za mwisho, Fiston alikuwa mbele kwa alama tisa.

“Mama Elisabeth,” Déo alisema, “swali ya mwisho iko yako.”

“Miye sina swali. Nitabaambia mambo ya mto wetu mara moja. Kisha munirudishie.”

Déo alitazama saa. Papa Floribert aliinua kidole kumwambia amwache.

Aliwaeleza wote wawili kwa pamoja. Aliwaambia mto unajaa miezi gani, magogo yanakatwa wapi, mgonjwa anabebwa saa ngapi kabla ya kufika. Akasema katika miaka sita watu kumi na moja wamekufa kwenye kivuko hicho. Akawataja: mzee Sebarenzi mwenye pumu, mtoto wa Luc aliyeumwa na nyoka, Bénédicte aliyetoka damu, na wengine, kila mmoja na msimu wake. Niliandika haraka. Alipomaliza nilikuwa na majina kumi, na nilijua lisilokuwemo ni lipi. Tulikuwa tumezoea kumpisha hapo.

Céline akaombwa asubiri nje. Fiston akasimama.

Sitamdharau, alisema vizuri. Mto ulinguruma ndani ya ofisi ile ya mbao, muuguzi akatoa kitambaa na kufuta macho. Kisha Fiston akafika kwenye wafu, akasema ni zaidi ya arobaini.

“Nilisema kumi na moja,” Elisabeth alisema.

“Mama, minakuheshimu sana. Lakini kule Kinshasa batu kumi na moja ni accident ya gari moja. Waziri atageuza ukurasa. Arobaini, atasimama. Unataka hesabu ao unataka daraja?”

Nasema kweli, mimi nilitaka daraja. Ningempa alama zote thelathini papo hapo.

“Na bakituma muntu wa kuhesabu makaburi?” Elisabeth aliuliza.

“Huyo atakuja nyuma, Mama.”

“Hapana, Papa. Huyo njo anakuyaka wa kwanza.”

Alisema hivyo, kwamba mhesabuji ndiye hutangulia kuja, akitazama mikono yake. Nilijua anawaona wakwe wakiulizia diploma, na nikaona aibu kwa lile nililotaka.

Céline aliingia, akafungua daftari. Hakumliza mtu. Alirudia kila kitu polepole, miezi, magogo, saa za njiani, na majina moja moja. Mara mbili aliuliza kama ametamka sawa. Kisha akapitisha kalamu kwenye orodha yake kutoka juu hadi chini.

“Mama, ulisema kumi na moja. Miye niko na majina kumi. Huyu moja siwezi kumusemea kama sijapewa jina yake.”

Papa Floribert alikohoa. Déo akainama haraka na kusema, “Andika tu kumi, Madame. Haina shida.”

“Iko na shida,” Céline alisema. “Ni muntu.”

Nilitamani kumfukuza yule mwanamke. Nani alimwita hapa kuja kuhesabu? Elisabeth aliwasikiliza mbuzi wa nje wakila majani ya paa la jikoni.

“Anaitwa Naomie,” alisema. “Ni mutoto wangu. Hakukuwaka na diploma, ni miye nilidanganya bakwe. Njo maana alikuwa anarudi kwangu.”

Miaka minne tulikuwa hatujalisikia jina hilo kinywani mwake. Céline hakusema pole. Aliandika, kisha akayarudia yote kumi na moja tangu mwanzo, na la mwisho akalitamka kama alivyolitamka mama yake.

Tukaandika alama, kila mtu kwenye kikaratasi chake. Déo alijumlisha mara mbili kwa kutoamini. Céline alishinda kwa alama mbili. Papa Floribert alipiga meza. “Muko munachagua ukweli wenye utatuachia magogo!” alisema, na huenda hakukosea. Faili liko Kinshasa na majina yake kumi na moja, likingoja mkoa uthibitishe uteuzi. Mvua zimerudi, tumebadilisha magogo tena, na kila nikisikia watu wanakimbia na tipoyi namkumbuka Fiston na wafu wake arobaini, nafsi inanisuta.

Siku ile ya kikao ilibaki kutia sahihi. Déo alikuwa amepiga chapa majina yetu mapema, na mbele ya kila jina cheo chake. Mbele ya Elisabeth palisomeka: mwakilishi wa wamama. Alichukua kalamu, akayapiga mstari maneno yale matatu, na juu yake akaandika kwa herufi kubwa za mtu aliyeacha shule mapema: mama ya Naomie. Kisha akatia sahihi.

Sasa karatasi imerudi. Déo ananionya kwamba wakubwa wakikasirika watavunja uteuzi wote na tutaanza upya, na mto hautungoji. Jana nilikwenda nyumbani kwa Elisabeth kumweleza. Nilipofika mlangoni niliita kama zamani: “Hodi, Mama Naomie!” Alikawia. Nikadhani nimekosea. Kisha akaitika kutoka ndani, akaja akipangusa unga mikononi.

Nilimsomea barua. Aliisikiliza yote.

“Andika ingine, mwalimu,” alisema. “Urudishe maneno ya Déo. Daraja njo kitu.”

Leo nimeiandika. Ni ukurasa safi kama walivyotaka, hauna neno lililofutwa wala doa. Kwenye mstari wa tano nimeandika Elisabeth, na mahali pa cheo nimeandika mama ya Naomie. Nimempelekea, ametia sahihi, na karatasi imeondoka na pikipiki ya saa nane.