Nilifuta Namba Saba

Nina hatia. Naanza na hilo mapema ili usije ukanihurumia, maana najua nikikueleza maisha yetu huku utasema, "Maskini, kazi ngumu, tena mbali na kwao." La! Usinihurumie. Nilichofanya sikusukumwa na bosi wala kafili, mdhamini aliyenileta huku. Nilisukumwa na kijicho, na kijicho hicho kilikuwa changu mwenyewe.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, natoka karibu na Kitale. Nafanya kazi ya nyumbani hapa Riyadh, mtaa wa Malaz, orofa ya tatu. Kabla sijaja nilikuwa na kibanda cha kuuza nyimbo. Mtu analeta memori kadi yake, mimi naijaza. Kwa hiyo nyimbo nazijua! Nipigie sekunde tano za mwanzo nitakutajia aliyeimba, na nikiwa na siku nzuri nitakutajia hata aliyepiga gita. Nakwambia haya ujue kiburi changu kilikaa wapi.

Sasa kuna Mama Keziah. Jina nimelibadilisha. Tulikutana Nairobi kwenye yale mafunzo wanayotupa kabla ya kupanda ndege, ya kupiga pasi, kutumia mashine ya kufulia na kuitikia "naam, madam". Tuligawana kitanda kimoja. Mimi nalia kwa ajili ya mwanangu Brayo, yeye analia kwa ajili ya Keziah wake wa miaka mitatu, na asubuhi tunachekana macho yalivyovimba.

Tulipofika huku mimi nikaletwa Riyadh, yeye akapelekwa Jeddah, Ruwais, karibu na bahari. Ni miaka mitano sasa. Hatujaonana tena hata mara moja, lakini hakuna Ijumaa tuliyokosa kuongea.

Nasema Ijumaa kwa sababu simu yake inakaa kwa madam wake wiki nzima. Anapewa Ijumaa baada ya chakula cha mchana, na kabla ya magharibi inarudi kabatini. Madam wangu mimi hana neno, simu ninayo kila siku kwenye mfuko wa aproni. Likumbuke hilo, maana ndipo ubaya wangu ulipopitia.

Tuna kundi letu la simu, watu kumi na tisa, Wakenya wa Riyadh na Jeddah. Kuna madereva, walinzi, na sisi wa majumbani. Omosh, mlinzi anayekaa Ghulail kule Jeddah, ndiye aliyeleta wazo la shindano la nyimbo. Kila wiki kuna mada. Kila mmoja anachagua wimbo mmoja anaoupenda, anamtumia mshika zamu kwa siri. Mshika zamu anazimwaga zote kundini kwa namba, bila majina. Tunasikiliza wiki nzima, Ijumaa tunazipanga kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, alama zinajumlishwa, na majina yanafichuliwa.

Zawadi? Mafi! Hakuna. Picha ya mshindi inachorewa taji na kuwekwa juu ya kundi, inakaa hapo wiki nzima. Basi.

Unacheka? Kaa wewe kwenye nyumba ya watu ambamo hakuna anayekutazama usoni ila akitaka chai, halafu uniambie kama picha yako kuvishwa taji ni jambo dogo.

Kitu kimoja zaidi. Simu zetu ni ndogo na memori imejaa. Ukishatuma wimbo wako unaufuta kwako ili za wenzako zipate nafasi ya kuingia. Kundi ndilo lilikuwa kabati letu. Ukitaka kitu chako unarudi kukichukua, na hakuna aliyewahi kukikosa.

Basi Mama Keziah akaanza kushinda. Mara ya kwanza nilimpigia vigelegele. Mara ya pili nikanyamaza. Mara ya tatu nikaumwa na kichwa, nakuapia! Mtu asiyejua kutofautisha gita na kinanda! Alikuwa anatuma tu wimbo wa wamama wa kanisa lao au wimbo wa kuvuna mahindi, sauti zinakwaruza, na watu wanampa namba moja. Mimi niliyetafuta wimbo wangu siku tatu nzima natoka wa pili. Tena wa pili. Tena!

"Mama Brayo wewe ni tairi la spea," Omosh akanitania kundini. "Uko sawa kabisa, lakini unabebwa tu nyuma."

Nilituma vikatuni vya kucheka, huku uso umenivimba. Mama Keziah naye akanifuata pembeni kunibembeleza: "Dada, usijali. Wewe ndiye fundi wa nyimbo, mimi nabahatisha tu." Alisema kwa moyo mweupe, najua. Lakini huruma ya anayekushinda inauma kuliko tusi.

Ikafika zamu yangu ya kushika orodha. Mada ilikuwa wimbo ambao huwezi kuuchoka. Ijumaa hiyo Mama Keziah akanitumia wake. Niliufungua nikiwa chumba cha kufulia, mashine inanguruma, nikaizima ili nisikie vizuri.

Haukuwa wimbo wa studio. Maharagwe yalikuwa yanapepetwa kwenye ungo, bibi mmoja anakohoa, halafu katoto kakaanza kuimba: "Haragwe moja la mama, haragwe mbili la shosho, haragwe tano limetoroka!" Kakacheka hadi kakashikwa na kwikwi. Kisha nikasikia sauti ya Mama Keziah mwenyewe: "Imba tena, mama. Imba nitakusikia nikiwa huko." Chini yake alikuwa ameandika kwamba alirekodi siku moja kabla ya kuondoka nyumbani kuja mafunzoni.

Nililia. Nilikaa juu ya kikapu cha nguo chafu nikalia! Na kabla machozi hayajakauka nikahisi moto hapa kifuani. Si kwa sababu ya taji peke yake, nitasema ukweli wote. Mimi niliyejaza kadi za watu nyimbo kwa maelfu sina hata sekunde moja ya Brayo akiwa mdogo. Hata moja! Sasa sauti yake ni nzito kama ya mjomba wake. Nikipiga simu anasema, "Niaje mathe. Niko poa. Ngoja nikupe shosho." Basi, ameshaenda, nimebaki na bibi yake.

Mbona mwenzangu alikuwa na kitu hicho, na mimi sina?

Niliuweka kundini, namba saba. Hata saa haikuisha, Omosh akatuma sauti: "Wasee, number seven imenimaliza. Niko hapa gate nalia kama mtoi. Bosi amepita akaniuliza shida ni nini, nikamwambia ni vumbi!" Wengine wakamwaga maua na mioyo. Wangu ulikuwa namba kumi na mbili. Hakuna aliyeutaja. Jumamosi hakuna, Jumapili hakuna.

Jumatatu, pasi mkononi, nikaandika: "Namba saba imeondolewa. Huu si wimbo, ni kelele za jikoni. Sheria ni sheria."

Sheria gani? Haikuwepo! Niliitunga pale pale, juu ya kanzu ya bosi. Mshika zamu ndiye msimamizi wa kundi kwa wiki hiyo, kwa hiyo nikabonyeza nikafuta kwa wote. Kisha nikaingia kwenye mazungumzo yetu wawili, nikafuta na ule alionitumia, ili nisiweze kubadili nia. Halas, kwisha. Nikamalizia kanzu.

Omosh akanifuata pembeni. "Mama Brayo, hiyo rule imetoka wapi? Sauti ya Mama Keziah tumeijua wote. Na yule mama hana simu mpaka Friday, hawezi hata kujitetea."

Nikamjibu kwamba shindano ni shindano. Kwani sikujua kwamba hawezi kujitetea? Nilijua, ndugu yangu. Nilijua vizuri sana.

Ijumaa ikafika, alama zikajumlishwa, nikawa wa kwanza. Picha yangu ikavishwa taji, ile niliyopiga nimevaa kitenge cha bluu, meno yote nje.

Baada ya chakula cha mchana Mama Keziah akaingia hewani. Ujumbe wake wa kwanza ulikuwa huu: "Hongera dada!!! Finally! Nilijua tu siku yako itafika." Alikuwa hajaona kitu. Alinipongeza kwanza.

Dakika chache zikapita. Akaja pembeni.

"Dada, mbona namba saba imefutwa?"

Nikamtumia ile sheria yangu.

"Haina neno, si lazima nishinde," akaandika. "Nirudishie tu hapa. Kwangu niliufuta ndio zenu ziingie."

Nikamuuliza kama anao mahali pengine. Labda ile simu ya zamani? Akasema ile aliyorekodia alimwachia shosho, ikaibwa sokoni. Ilibidi nimwambie. Niliandika maneno mawili tu: "Nimeufuta."

Akanitumia sauti. Mwanzoni nasikia watoto wa madam wake wakicheza. Kisha akasema polepole, "Dada, nilikuwa nausikiliza kila Ijumaa kabla sijampigia Keziah, ndio nimkumbuke. Huyu wa sasa ni msichana mkubwa, ananiongelesha kama mgeni. Yule wa haragwe ndiye mtoto ninayemjua." Halafu kwa haraka: "Madam anakuja kuchukua simu. Yalla, wacha niende."

Ewe Mungu wangu! Kumbe naye mwanawe alikuwa mgeni kwenye simu, kama wangu. Nilimwonea wivu mtu mwenye njaa ile ile yangu, nikamnyang'anya tonge moja alilobakiwa nalo. Na hata sikulila!

Nilirudi kundini nikapiga magoti. Nani anao? Nani aliuhifadhi? Omosh alitafuta, madereva walitafuta, hakuna. Ulikuwa umefutika kwa wote, kama nilivyotaka. Siku madam alipotoka kwenda kwa dada yake alinipitisha kwa fundi wa simu hapa Malaz. Kijana akabonyeza, akaunganisha na kompyuta yake, akatikisa kichwa. "Mafi, mama." Nilimwomba ajaribu tena. Akajaribu kwa adabu tu, nikaona.

Halafu nikajidanganya kwamba sikio langu litaniokoa. Ule wimbo niliusikia mara moja tu, lakini nyimbo mimi nazishika. Nikamwaga maharagwe kwenye sinia, nikayapepeta, nikaimba kwa sauti nyembamba, haragwe moja, haragwe mbili, haragwe tano. Nikaweka na kicheko. Nilirudia mara nyingi mpaka madam akaja kuchungulia kama nimepata wazimu. Ijumaa nikamtumia.

Aliusikiliza wote. Akajibu: "Dada, umeimba vizuri. Hata kicheko umejaribu. Lakini si yeye."

Hajanitukana mpaka leo. Heri angenitukana! Ningeomba msamaha, tungelia, yangeisha. Namsalimia, anajibu "salama dada". Namwambia Mungu ambariki, anajibu "amina". Habari za madam wake, za ikama yake, kile kibali cha kukaa huku, za Keziah, hanipi tena. Hata Ijumaa sasa sijui kama anapika au anaumwa. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi ndiye niliyepiga teke mtungi.

Shindano nalo limekufa. Mshindi ndiye anayetaja mada ya wiki inayofuata, na mimi nimeshindwa kutaja. Ningesema nini? Omosh alijitoa bila kuaga. Wengine wamo tu, kimya.

Wewe unayenisoma, usiseme, "Mimi si kama huyu." Wivu hauji na pembe. Unakuja na sheria mkononi, unajiita haki. Siku ukisikia cha mwenzako kikakutoa machozi, na papo hapo ukamchukia, iweke simu chini! Uende ukaoshe vyombo, ukadeki ngazi, upige hata magoti, lakini usiguse kitu. Hasa kama mwenzako hayupo kujitetea.

Na kama una mtoto, mrekodi leo, hata kama anaimba ovyo, hata kama anahesabu moja, mbili, tano. Mimi Ijumaa iliyopita nilimwomba Brayo aniimbie chochote. Alicheka, "Mathe, uko sawa kweli?" Kisha akanipa shosho. Nilikuwa narekodi. Kicheko hicho nimekihifadhi.

Picha yangu bado iko pale juu ya kundi, na taji lake, na meno yote nje. Naiona kila nikifungua simu. Nimebaki msimamizi peke yangu, kuiondoa ni kubonyeza mara moja tu. Lakini siiondoi. Nimefuta vya kutosha.