Wadudu Ndani ya Koti la Mume Wangu

Mume wangu alirudi kutoka vitani na koti zito la sufu, akakaa kidogo tu, akapata kazi ya reli Mombasa. Kule ni joto, kwa hivyo koti aliniachia mimi huku milimani Kilungu. Sikulivaa. Nililikunja ndani ya sanduku la bati, na jioni za ukungu nilikuwa nikifungua kifuniko na kulinusa. Lilikuwa na harufu ya tumbaku na jasho lake.

Siku moja nikalikuta na matundu kwenye kola na kwapani. Nikalia, nikawalaani panya. Mama mkwe, niliyekuwa nikiishi naye, akalipeleka mlangoni penye mwanga, akageuza kola.

"Panya angeacha mavi," akasema. "Njoo uone."

Walikuwa vidudu wa kahawia wenye manyoya, kama viwavi lakini wadogo kuliko punje ya mchele, pamoja na maganda makavu waliyojivua. Wazazi wao tukawakuta dirishani: mbawakawa wadogo wa mviringo, wenye madoadoa. Nilikuwa nikiwaona kila siku, nisijali.

Mama mkwe akatazama juu. Pembeni mwa paa, juu ya sanduku, ndege walikuwa wamehama wakaacha kiota kimejaa manyoya.

"Wamezaliana pale," akasema. "Kisha wakashuka kwako."

Tukakiangusha kiota, tukakichoma. Tukafagia kila ufa, na sanduku tukalisuuza kwa maji ya moto.

"Na koti?"

"Lianikwe juani, lipigwe, lisuguliwe kwa brashi mpaka ndani ya mishono."

"Harufu yake itaisha, mama."

 Harufu ile ilikuwa ya mwanawe pia. Akaliinua koti usoni, akavuta pumzi ndefu, kisha akanipa. "Nusa basi," akasema, "halafu tulitoe."

Harufu ikaisha kweli. Lakini matundu hayakuongezeka, na yale ya kwanza niliyaziba kwa uzi wa sweta kuukuu. Toka hapo nikawa nalianika mara kwa mara, nikipekua kola kwa vidole.

Mume wangu alikuja baada ya mavuno. Watu wa reli walikuwa wamemhamishia Nairobi, kwenye baridi.

"Nani ameshona hapa?" akauliza, akipapasa kola.

"Mimi."

Akacheka, akasema fundi wa mjini hanishindi. Asubuhi akalivaa, nikamsindikiza mpaka barabara kuu ya kwenda Nairobi. Nilitamani kumwambia aniachie koti, lakini baridi ilikuwa kali, na lilimkaa vizuri.