Mshikio wa Karabai

Nakumbuka Desemba moja, mwanangu, nikiteremka kijinjia cha migombani nimebeba karabai isiyo na kichwa, njia nzima naimba. Sikujua nimebeba nini. Sogea karibu nikueleze, maana jana nilikusikia ukisema taa hii itolewe utumbo iwekwe balbu, nikakasirika na kucheka kwa wakati mmoja.

Balbu ilishawahi kuwekwa humo, na aliyeiweka ni baba yangu. Babu alipofariki, baba aligombana na mdogo wake, baba mdogo Aminieli, kisa mgomba uliokatwa mpakani. Mgomba mmoja! Ukiwauliza ulikuwa wa ndizi gani, hakuna aliyekumbuka. Katika hasira hizo wakagawana hata karabai ya babu: baba akabaki na tangi na pampu, baba mdogo akaondoka na kichwa na kioo. Ikawa hakuna anayeweza kuiwasha. Baba, asionekane kashindwa, akamwita fundi umeme akachomeka balbu juu ya tangi. Na ndugu hao ambao vihamba vyao, mashamba ya urithi, vinapakana wakawa wanasalimiana kanisani tu, tena kwa kutikisa kichwa.

Aliyeumia ni bibi, mama yao. Krismasi watu wote wanapopanda mlimani kutoka mijini, yeye alikula nyama kwa mtoto huyu huku akiwaza kwa yule. Mimi wakati huo nilikuwa msichana wa cherehani, nashona nguo Njoro, mjini Moshi. Nilipofika nyumbani hata mzigo sijautua, bibi akanivuta jikoni.

"Mjukuu wangu, nirudishie taa ya mzee wangu iwe kama alivyoiacha. Nataka kuisikia ikivuma."

Nikamwambia nitamnunulia kichwa kingine mjini. Akanikata jicho. "Cha mjini cha nini? Kichwa chake kipo kwa Aminieli. Kakifuate."

Baba alipoombwa ruhusa alisema tufanye tunavyotaka, ila yeye hajamtuma mtu. Basi nikaing'oa balbu na waya zake. Tangi nikalisugua kwa majivu na ndimu mpaka shaba ikanionyesha uso wangu. Ngozi ya pampu ilikuwa imekauka kama ukoko, nikakata nyingine kwenye ulimi wa kiatu kikuukuu na kuiloweka kwenye mafuta. Kazi ilikwenda vizuri, nakwambia nilijiona fundi. Mshikio tu ndio haukuonekana. Tulitafuta uvunguni, tukatafuta darini, wapi!

"Ifunge na kitu chochote uibebe," bibi akasema. "Si hayo masale hapo?"

Nikachuma jani refu la sale uani, nikalipitisha kwenye fremu ya taa, nikapiga fundo, nikaondoka na nyimbo zangu.

Baba mdogo nilimkuta anakatia ng'ombe majani. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia. Macho yake yalikuwa kwenye lile fundo. Panga akaliweka chini taratibu.

"Nani kakutuma na hili?"

Hapo ndipo akili ikanirudi, mwanangu. Wewe unajua kwetu anayetaka kusamehewa hufanya nini: hutuma mtu na jani la sale lililofungwa fundo, na aliyeletewa hakatai. Na mimi nimelifungia taa! Nikisema baba kanituma, nimedanganya. Nikisema hakuna aliyenituma, nimemfanyia mzaha mtu mzima kwake. Nikaona bora kweli.

"Hakuna, baba mdogo. Mshikio umepotea, nikafungia tu. Nimekuja kuomba kichwa cha taa."

Akakaa juu ya majani ya ng'ombe, akacheka. Akacheka mpaka machozi yakamtoka, halafu kicheko kikaisha na machozi yakaendelea.

"Sale likishaingia kwangu silirudishi," akasema. "Nimelisubiri muda wote huo, binti yangu. Sijali limekuja limefungiwa nini."

Akaingia ndani, akatoka na kichwa na kioo vimeviringishwa kwenye sweta ya babu. Havikuwa na hata vumbi. Kumbe alikuwa akivifuta, mtu yule mkaidi! Kisha akachuma jani kwenye masale yake, akalipiga fundo, akanipa. "Mpelekee kaka yangu. Na hili nimelituma mimi."

Baba alilipokea jani, akaingia chumbani, tukamsikia anapenga kamasi. Chai yake ilipoa mezani, yeye tayari keshafika kwa mdogo wake.

Jioni ya Krismasi tulikuwa uani pamoja, nyumba zote mbili, mbege, pombe yetu ya ndizi, inazunguka. Baba mdogo akawasha spiriti, baba akapiga pampu, huku wakibishana nani anazidisha. Kisoksi cha taa kikawaka cheupe na karabai ikaanza kuvuma. Bibi akafumba macho kuisikiliza. Nilifurahi mpaka nikashindwa kula, mimi ambaye nyama sijawahi kuikataa.

Sasa itundikwe wapi, na mshikio hakuna? Bibi akaingiza mkono chini ya kitenge chake, akautoa mshikio, ule ule wa babu, akampa baba.

"Mama!" wanawe wakapaza sauti pamoja.

"Niliwazaa mimi," bibi akasema. "Mlitaka niwangoje mpaka lini?"

Kwa hiyo, mwanangu, balbu humu haiingii. Balbu ile haikuwa mbaya, ila ilimwezesha baba kukaa bila kile kilichokuwa kwa mdogo wake. Kitu cha ukoo kikipungukiwa, usikimbilie kuziba pengo ili usimhitaji ndugu yako. Nenda kakiombe kwake. Na ukiona amani imekuja kwa njia ya kuchekesha, ipokee, usianze kuhoji nani kaituma. Labda mwenzako naye anafuta kioo kila siku, anakosa wa kumpa.

Mungu akujalie ndugu wa kubishana nao ukipiga pampu. Akupe mikono ya kufunga fundo la sale mapema, na mwili wa kuifikisha karabai hii kwa wajukuu zako, ikivuma. Haya, lete spiriti.