Nilivyofuata Vikombe vya Wageni hadi Mbotela

Sijawahi kuficha ugonjwa wangu: napenda vitu vikuukuu. Ukiingia sebuleni kwangu, mtaani Tena, Nairobi, utapokelewa na redio ya mbao isiyosema kitu, kisha pasi ya makaa yenye jogoo mdogo wa chuma juu ya kifuniko, halafu kandili ambazo mume wangu anadai zinangoja stima ipotee ndipo zipate kazi. Siku za wiki mimi ni karani katika ghala moja la Industrial Area. Jumamosi ni zangu, na anayenitafuta ajue nimeenda kuwinda.

Safari hii ilianzia kazini. Ramadhani, ambaye meza yake inapakana na yangu, alikuwa akilalamika tu huku akinywa chai. Mama yake anahama Mbotela, alikoishi tangu aolewe, ili aje kukaa naye Donholm kwenye gorofa ya nne. Kabati lake la vioo haliwezi kupita kwenye ngazi. Na ndani ya kabati hilo mna seti ya chai ya kauri, yenye maua, ambayo haijatumika hata siku moja.

"Hata siku moja?" niliuliza kwa sauti ya mtu asiyejali.

"Ni vyombo vya wageni. Lebo za duka bado ziko chini ya vikombe. Kuna mchuuzi wa vitu vya kale anakuja kuviangalia Jumamosi mchana."

Kwa sisi wakusanyaji, seti kamili ambayo haijaguswa na chai, tena yenye lebo zake, ni kitu cha kuota miaka na usikipate. Nilimwambia Ramadhani amwarifu mama yake kwamba nitafika kabla ya mchuuzi huyo, na kwamba bei nitakayotoa haitamvunja moyo. Kuomba sikuomba. Nilikuwa nimeshaamua vikombe hivyo ni vyangu.

Jumamosi asubuhi, Tena. Dereva wangu wa safari hizi ni shemeji yangu Mutua, mdogo wa mume wangu, mwenye pikapu ya kubebea watu vitu wanapohama nyumba. Alinikuta langoni na kikapu kilichojaa magazeti ya kufungia.

"Niaje shem. Leo tunabeba takataka gani?"

"Tunabeba vikombe. Na ukiviita takataka tena, utatembea kwa miguu."

"Lakini gari ni yangu!"

"Ndiyo maana nimesema utatembea. Mimi nitaliendesha."

Kiamaiko ndiko tulikopitia kwanza, kwa sababu nilikuwa na ahadi ya siku nyingi na Abdi, muuza nyama. Barabara ilikuwa imejaa mbuzi wanaovutwa na wengine wanaokataa kuvutwa, na Mutua alifunga madirisha akisema kwa harufu hiyo gari lake halitanunuliwa tena na mtu yeyote. Abdi alikuwa na mizani ya kuning'iniza yenye uso wa shaba, aliyoirithi pamoja na duka. Siku hizi anatumia ya betri, na ile kuukuu ilikuwa imekaa kwenye msumari nyuma ya mlango, ikishika vumbi.

"Sasa mama, wewe utapima nini?" aliniuliza alipokuwa akiishusha.

"Sitapima kitu. Nitaitundika ukutani."

Abdi alimwita jirani yake wa kibanda cha pili aje asikie. "Ukutani! Hii imelisha watoto wangu, yeye anaipeleka ukutani!"

"Ndiyo maana inastahili ukuta," nilimjibu, na jibu hilo likampendeza. Kwa wema wake akachukua waya wa kusugulia sufuria ili aing'arishe kabla ya kunipa. Nilipiga ukelele hadi mbuzi mmoja akageuka. Ile rangi nzito ya shaba iliyozeeka haipatikani dukani. Ukiisugua umeua kitu chenyewe. Nilimweleza Abdi kwamba kazi yangu ni kuhakikisha vitu vinakaa vilivyo, havitumiki wala havibadiliki. Alitikisa kichwa, akanifungia mizani ndani ya gunia, akanitakia safari njema kama mtu anayemwombea mgonjwa.

Mbotela tulifika jua likiwa bado halijapanda sana, nikafurahi, maana hapakuwa na gari lingine mlangoni. Nilipiga hodi. Mama yake Ramadhani, ambaye majirani humwita Mama Saida kwa jina la binti yake wa kwanza, alifungua akiwa amejifunga leso kiunoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe wa kazini kwa Rama? Karibuni, karibuni. Msiangalie fujo hii."

Nyumba ilikuwa nusu imeshahama. Nguo zilikuwa zimefungwa mafurushi, godoro limeegemezwa ukutani, sufuria ziko ndani ya karai. Kabati la vioo peke yake ndilo lilikuwa halijaguswa. Na ndani yake niliviona: vikombe sita vyeupe vyenye waridi jekundu ubavuni na mstari wa dhahabu mdomoni, visahani vyake, birika, na kibakuli cha sukari. Macho yalinitoka, lakini nilijikaza kisabuni. Nilichukua kikombe kimoja, nikagonga ukingo wake kwa ukucha. Chenye ufa hutoa mlio wa kukwama. Hiki kililia safi, kwa sauti ndefu. Nikakipindua. Lebo ilikuwepo.

"Marehemu mume wangu alivileta kutoka Mombasa Saida alipozaliwa," alisema Mama Saida. "Tukasema hivi ni vya wageni."

"Na wageni hawakuja?"

"Walikuja wengi! Lakini imamu alipokuja, tulisema huyu ni mtu wetu, atakunywa kwenye bilauri. Mkubwa wa mume wangu kazini alipokuja, marehemu alitetemeka, akakimbilia kumpa soda. Wakwe walipokuja kumposa Saida walikuwa watu wengi, tukaazima vikombe kwa majirani. Kila mgeni akija, tulimwona ni mdogo kwa vikombe hivi, au ni mkubwa kuliko vikombe hivi."

Tulipatana bei bila mvutano. Nilikwisha kutandaza magazeti sakafuni aliponishika bega.

"Ngoja. Kwanza tunywe chai."

"Asante, mama, nitakunywa." Nikanyoosha mkono kuchukua kikombe cha bati kilichokuwa mezani.

"Si hicho. Tutanywea hivi."

Nilifikiri anatania. Nilipoona hatanii, nilianza kumweleza taratibu, kama ninavyowaelezea watu wengi. Nikamwambia vikombe vikishanywewa thamani yake inashuka, na lebo ikilowa itabanduka na haitarudi. Nikamwambia ameifanya kazi kubwa ya kuvitunza salama muda wote huu.

"Salama na nini?" aliuliza.

"Na chai," alijibu Mutua kutoka mlangoni, nami nikamtupia jicho ambalo lingepasua kauri.

Mama Saida hakucheka. Aliketi juu ya furushi, akanitazama. "Mwanangu, umekuja kwangu kama mnunuzi au kama mgeni? Kama ni mnunuzi, vichukue vikavu hivyo hivyo. Tumeshapatana, nami sirudi nyuma. Lakini nitahama nyumba hii nikijua kwamba maisha yangu yote sikupata mgeni."

Nitasema ukweli: nilitaka kuvichukua vikavu. Niliona jinsi vitakavyokaa kwenye rafu, na jinsi wakusanyaji wenzangu watakavyovipindua kimoja kimoja na kunyamaza kwa wivu. Mimi si mtu wa kushindwa na maneno, na sina haya kwenye biashara. Lakini mama yule alikuwa anangoja jibu kwa uso wa mtu anayengoja majibu ya daktari. Ningewezaje?

"Mimi ni mgeni, mama," nikasema. "Na tangawizi iwe kali."

Aliinuka haraka kama msichana. Akabandika sufuria ya chai ya maziwa, akatoa mandazi kwenye furushi, nami nikapewa karai la maji nioshe vikombe, maana aliogopa kuviangusha. Lebo ya kwanza ilipobanduka na kuelea juu ya maji, moyo uliniuma kwelikweli. Ya pili iliuma kidogo. Ya tatu niliibandua mwenyewe kwa kidole.

Tuliketi juu ya mafurushi tukanywa. Mutua alishika chake kwa mikono miwili. "Shem, hii kikombe naiogopa. Ikianguka, mimi natoroka Nairobi." Mama Saida alipiga funda la kwanza, akafumba macho.

"Kumbe chai ni ile ile," alisema. Akaanza kucheka, akacheka hadi machozi yakamtoka, na baada ya muda yalikuwa machozi ya kweli. "Marehemu alikuwa akiniambia, siku moja tutavijaribu mimi na wewe. Siku moja, siku moja. Hata tone hakuonja."

Nilimshika mkono. Tuliongeza chai, tukala mandazi, akatusimulia habari za mume wake, alivyokuwa fundi wa reli aliyeogopa paka. Kisha, akiwa anajimiminia tena, alisema bila kuniangalia:

"Mwanangu, vikombe hivi sitaviuza."

Hapo nilishikwa na hasira, sitajifanya malaika. "Mama, tulipatana! Umesema mwenyewe hurudi nyuma!"

"Tulipatana, na nakuomba radhi. Lakini asubuhi vilikuwa vya wageni ambao hawajaja. Vitu vya watu wengine ni rahisi kuviuza. Sasa nimevinywea. Vimekuwa vyangu."

Nilifungua kinywa nimpe hoja zangu zote, na nilikuwa nazo nyingi. Nikamwona Mutua amenyoosha kikombe chake aongezewe, uso umejaa makombo ya mandazi. Nikashindwa kujizuia, nikacheka.

Tukiwa katika hali hiyo, mchuuzi akabisha hodi. Alikuwa mtu wa viatu vinavyong'aa, simu mkononi, haraka nyingi. "Hiyo seti iko wapi?"

"Hii hapa mikononi mwetu," alisema Mama Saida. "Karibu chai."

Aliviangalia vikombe, akaziangalia lebo zilizolowa kwenye ukingo wa karai. "Mmevinywea?"

"Mara tatu," nilisema. Na sijui kwa nini nilisema kwa majivuno.

Hakuketi. Alilipima kabati, akalinunua, akawaita watu wake wakalibeba likiwa tupu.

Donholm tulimfikisha mama na mizigo yake alasiri kwa pikapu ya Mutua, kwa sababu sikukubali mtu mwingine avifunge vikombe hivyo wala avipandishe ngazi. Nilivibeba mwenyewe hadi gorofa ya nne, Mutua akinifuata na godoro. Mke wa Ramadhani alitupokea kwa furaha, na kwa heshima akafungua rafu ya juu kabisa ili vikae mahali ambapo watoto hawatavifikia.

"Hapana," alisema Mama Saida. "Weka hapa chini karibu na jiko. Sitaki kupanda kiti kila nikitaka chai."

Jioni nilirudi Tena na mizani ya Abdi peke yake. Mume wangu aliniuliza vikombe viko wapi, nikamwambia viko vinakotumika, akanigusa paji la uso kuona kama nina homa. Sijaacha kukusanya, na wala sina mpango. Pasi ya makaa itabaki pasi yangu, na atakayeisugua atanijua. Nilichojifunza ni kwamba kuna vitu vinavyonihitaji mimi niviokoe, na kuna vingine vinavyohitaji kuokolewa kutoka kwa watu kama mimi. Kuvitofautisha si kazi ya ukucha. Nilifikiri nitalala na uchungu wa seti ile, lakini nililala fofofo.

Siku chache baadaye, kazini, Ramadhani alikuja akasimama mbele ya meza yangu na sura ya mtu aliyebeba habari mbaya.

"Mama amevunja kimoja," alisema.

Nilishika ukingo wa meza. "Amesemaje?"

"Amesema uje Jumamosi, kabla havijaisha."