Kifuko Cheusi cha Khairunnisa

Mwanisumbua niandike, kana kwamba mtaa mzima nimebaki mimi tu mwenye mdomo. Mimi na kalamu hatujawahi kupatana. Lakini nikinyamaza mtazidi kuambizana kuwa Khairunnisa alitoa aibu za watu nje. Basi kaeni kitako.

Khairunnisa hupinda leso za maduka ya Biashara Street. Kwa cherehani hiyo alimlea Kaizar, mtoto wa marehemu kaka yake Badruddin. Kaizar akakua, akapata ukarani bandarini Kilindini, akawa huenda kazini kwa baiskeli. Siku moja lori likamtupa mtaroni pale Mwembe Tayari, na dereva akaapa hakumgusa. Tangu hapo akafunga kamera juu ya helmeti, ikawa yarekodi kila aendako. Watoto wakamwita Shungi, kwa hiyo kamera iliyosimama kichwani, naye akacheka nao.

Ila kutoka kwao ni kichochoro chembamba, na asubuhi milango iko wazi. Ndani wanawake wako vichwa wazi, huyu asuka mwanawe, yule apepeta mchele. Wakanung'unika. Wakamwambia Kaizar aizime mpaka afike barabarani, akasema bodaboda nazo hupita humo humo mbio. Khairunnisa ndiye aliyewaendea mlango kwa mlango, akawapa neno lake. Kila picha ataitazama yeye kwanza, na yenye mwanamke itafutwa. Wakaridhika, kwa kuwa ni yeye.

Kaizar akamfundisha kompyuta. Kamera ile hukata safari vipande vipande, naye Khairunnisa akawa akitenga kila kipande kwenye kadi yake, zile kadi ndogo kama ukucha. Herufi zampiga chenga, kwa hivyo alishona vifuko vya mabaki ya leso. Chekundu, magari yaliyotaka kumuua mtoto. Kijani, safari za salama. Cheusi, wanawake. Alitaka kufuta mwenyewe, Kaizar akamwambia kufuta hivi hivi hakutoshi, mtu mjanja aweza kuzirudisha. Ampe yeye kifuko cheusi, atazimaliza kabisa bila kuzifungua. Akampa. Angemkatalia vipi?

Ndipo akaja jirani yake Fadhiya, na simu mkononi. Humo, kwenye video iliyotiwa mtandaoni, alikuwamo yeye mwenyewe, nywele zimemwagika mabegani, acheka na bintiye. Baada yake akatokea humo jirani mwingine, kisha mwingine. Chini ya video watu wasiomjua walikuwa wameandika wakimsifu.

"Sikuja kugomba, Bi Khairunnisa," akasema. "Nimekuja unitazame, maana ulimwengu wote umeshanitazama."

Kaizar aliporudi hakukana hata. Alinawa, akakaa, akasema hakuna baya, ni mji waamka tu, na watu wameupenda. Khairunnisa akamuuliza alipata wapi moyo wa kukaa akizichambua picha za mama zake mmoja mmoja.

"Sikuchambua, shangazi. Nzuri zote ulikuwa umeshanitengea."

Hilo ndilo lililomkata maini. Siku zote zile, miwani puani, akidhani awasitiri wenzake, kumbe amchagulia Kaizar. Alikidai kifuko cheusi, akamwaga kadi zote kinuni, za chekundu na kijani pia, akazitwanga. Kaizar akaziondoa picha mtandaoni siku hiyo hiyo, lakini watu walikuwa wameshazitia kwenye simu zao.

Khairunnisa akavaa, akapita tena mlango kwa mlango, akasema yeye mwenyewe lililotokea. Wengine hawakumfungulia. Fadhiya alimsikiliza mpaka mwisho, ila hakumwambia karibu. Mpaka leo Khairunnisa humpakulia Kaizar chakula, kisha huondoka akale peke yake. Mlango wake yeye haufungui tena asubuhi.

Sasa wewe usomaye. Kama picha hizo zimo kwenye simu yako, usizifungue eti uhakikishe. Zifute. Kisha nenda kwa Fadhiya, upige hodi, umwambie kwa mdomo wako kuwa umefuta, na kuwa Khairunnisa hakujua. Usimtume mtoto. Nenda mwenyewe.