Mikono Mitupu ya Ningavva

Tulasavva alijifunza kuvisha bangili za kioo akiwa na miaka tisa, kwa kumtazama mama yake. Unaushika mkono wa mteja, unakikunja kidole gumba ndani ya kiganja, unaminya mpaka mkono unalegea kama kitambaa kilicholowa, kisha unasukuma kioo taratibu huku ukimteta mama mkwe wake, ili acheke asihisi maumivu.

Kwa miaka thelathini alizunguka ngome ya Karigudda na vijiji vyake, kamba za bangili za kijani zikimning'inia begani. Mumewe alifariki kwa homa wakati binti yao wa pekee, Ningavva, bado ananyonya. Siku hiyo wajane wa mtaa walimshika mikono wakaigonga kwenye jiwe la mlangoni mpaka bangili zake zote zikavunjika. Tangu hapo aliwavisha wenzake kile ambacho yeye hakuruhusiwa tena kukivaa. Wapo walioona ni mkosi kuvishwa na mjane, lakini hakuna mwingine aliyekuwa na mkono mwepesi kama wake, wakanyamaza.

Ningavva alikua, akaolewa na Kenchappa, askari wa lango la ngome. Tulasavva mwenyewe alimvisha bangili za arusi, kumi na mbili kila mkono, bila kuvunja hata moja.

Kisha mfalme akafa bila kuacha mtoto wa kiume. Waingereza wa Kampuni, wale wafanyabiashara wenye jeshi, wakaleta barua kwamba ufalme umekwisha pamoja naye. Mjane wake, Malkia Honnavva, aliyefundishwa na baba yake upanga na kupanda farasi, aliisoma barua hiyo mbele ya watu, akairudisha kwa aliyeileta. Akaanza kukusanya askari, na miongoni mwao kikosi cha wanawake arobaini. Ningavva alikuwa wa tatu kujiandikisha. Mikono yake ilikuwa imekomaa kwa kusaga mtama.

Tatizo likawa bangili. Kila panga zilipogongana kioo kilipasuka na kuwakata vifundo vya mikono, na wanawake wale, waliokuwa tayari kufa, hawakuwa tayari kuzivua. Malkia akamwita Tulasavva uwanjani.

"Wavue."

"Mama Malkia, waume zao wazima. Nikiwavua ni kama nimewafisha."

"Sijasema uvunje. Zitoe nzima nzima, uziweke. Vita vikiisha utawavisha zilezile." Malkia akanyoosha mikono yake mwenyewe, iliyokuwa mitupu kwa miezi minne sasa. "Mimi nimeshauzoea upepo huu."

Hakuna aliyesogea. Ndipo Ningavva akajitokeza, akaketi mbele ya mama yake.

"Anza na mimi, mama. Kenchappa ana afya ya nyati, hatadhurika."

"Wako nyati!" mwenzake akadakia. "Wangu akikohoa tu, mama mkwe anaanza kutafuta kuni za kumchomea!"

Wakacheka wote, na katika kicheko hicho Tulasavva akazitoa. Kutoa nzima ni kazi ngumu kuliko kuvisha. Alimaliza jua likiwa limeinama, kila seti ameifunga kwa uzi na fundo la mwenyewe. Mikufu ya ndoa nayo ikavuliwa, adui asipate pa kushika.

Siddavva, mama mkwe wa Ningavva, alipoiona mikono ile alimfuata Tulasavva mpaka kwake. "Umemroga mwanangu mchana kweupe! Tena kwa mkono wako!"

"Zitarudi, dada. Siku ya kurudi nitakuita ushuhudie."

Ngome ilizingirwa siku kumi na mbili. Siku ya kumi na tatu lango likavunjwa. Malkia alikamatwa, akapelekwa kifungoni mbali, na huko ndiko alikofia. Tulasavva, aliyekuwa kijijini chini ya mlima, alizuiwa njiani siku tatu. Alipofika juu, seti arobaini ndani ya kikapu, maiti walikuwa wameshachomwa, Ningavva miongoni mwao.

Wanawake wa kijiji cha mbali ndio walioamriwa kuwaandaa. Mmoja wao, bibi kizee, alimweleza akiwa bado anafua matambara.

"Ishirini na sita, wote wajane. Mikono mitupu, shingo tupu, vidole vya miguu havina pete za ndoa. Tukawavika nguo nyeupe. Tukajiuliza, malkia kawatoa wapi wajane wachanga hivi?"

Tulasavva aliketi chini. Pete za vidole vya miguu huenda askari waliziiba. Unga mwekundu wa paji la uso, alama ya mwenye mume, ulioshwa na jasho. Lakini bangili alizivua yeye. Mwanamke akifa kabla ya mumewe husindikizwa kama bibi arusi, kwa nguo nyekundu na bangili za kijani, na mumewe humpaka ule unga mara ya mwisho. Ningavva alikuwa amesindikizwa kama mwanamke asiye na mume.

Kuhani wa mtoni alimpa tumaini. Siku ya kumi na tatu tangu kifo, alisema, linaweza kufinyangwa sanamu lake la unga wa mtama, likavikwa kama bibi arusi, likachomwa upya. "Ila anayepaka wekundu ni mume. Si mama, wala mimi."

Siddavva ndiye aliyemwambia Tulasavva alipo Kenchappa, bila kumtazama usoni. "Yuko kwa dada yake, ng'ambo ya kilima. Mzima. Mwambie nitamngoja mtoni."

Asubuhi ya siku ile Tulasavva alimkuta shambani, anapalilia karanga.

"Mkwe, leo ndiyo siku yenyewe. Twende."

"Mama, sina uso wa kwenda mtoni."

"Uso wa nini? Nataka kidole chako kimoja tu."

Kenchappa akacheka kidogo, kisha jembe likamtoka mkononi. "Mzinga wa pili ulipopiga lango, niliruka ukuta. Yeye alikuwa juu na wenzake. Akaniona."

"Akasema nini?"

"Hakusema. Aliinua mikono yake miwili, mitupu vile kama ya mjane, akanionyesha. Halafu akageuka kupigana." Akajifuta machozi kwa kiwiko. "Ngoja ninawe udongo huu. Nitakuja, mama. Nitampaka."

Tulasavva alimtazama akimimina maji kutoka mtungini, akisugua vidole kimoja kimoja kwa uangalifu. Alikuwa ametembea tangu alfajiri kuvifuata vidole vile.

"Endelea na kazi yako, mwanangu," alisema, akageuka.

Alifika mtoni mchana. Sanamu la unga lilikuwa tayari limelazwa juu ya jani la ndizi, na Siddavva ameketi ngazi za juu.

"Mume yuko wapi?" kuhani akauliza.

"Hakuwa na mume."

"Si ulisema yu hai?"

"Nilikosea. Binti yangu alikufa mjane."

Kuhani akafikiri. "Basi wale kina mama walifanya sawasawa. Hakuna la kurudia."

"Walifanya sawasawa," Tulasavva akaitika.

Akaketi kwenye ngazi akalia, mara ya kwanza tangu lango livunjwe. Siddavva aliitazama njia ya kilimani kwa muda mrefu. Hatimaye akashuka, akakaa karibu yake.

"Haji?"

"Haji, dada."