Ukuta wa Mwezi Ujao

Mume wangu anaitwa Brashi. Mtaa mzima unamwita hivyo, na hata marehemu mama yake alimwita hivyo mpaka anafariki, ingawa yeye ndiye aliyempa jina lingine zuri tu. Kazi yake ni kuandika mabango. Ukiona mahali pameandikwa "Hapa Tunanyoa" au "Usitupe Taka Hapa" kwa herufi zenye mikia, ujue ni yeye. Mikia hiyo hulipiwa bei ileile, anaiweka kwa kiburi tu.

Lakini kilichompa sifa ni ukuta wa duka la vitabu pale kwenye kona. Duka linauza madaftari na kalamu, na zaidi ya hayo vitabu vya katuni vya mashujaa, wale watu wanaovaa chupi juu ya suruali na kuruka angani bila tiketi. Kila mwisho wa mwezi mchapishaji humtumia mwenye duka karatasi yenye majalada ya matoleo ya mwezi unaofuata. Picha zenyewe ni ndogo kama stempu, na chini ya kila moja kuna maneno machache ya kumtia mtu hamu. Mwenye duka, tunayemwita Bwana Toleo, humletea Brashi, na Brashi hupaka chokaa juu ya mwezi uliopita, kisha huzichora upya kubwa kubwa: wiki ya kwanza karibu na mlango, wiki ya mwisho kule mwisho wa ukuta. Ukipita na mkoba wako unaelekea kazini unajua mwezi ujao nani atampiga nani.

Tatizo ni sura. Brashi anaweza misuli, anaweza majoho yanayopepea, anaweza ghorofa linaloanguka mpaka unataka kusogea pembeni. Ila hawezi kubuni uso. Akifika usoni anakwama mpaka aazime wa mtu anayemjua. Ndiyo maana Mlinzi wa Paa, shujaa anayelinda mji kutoka juu ya mabati, ana sura ya kinyozi wetu, na Pacha wa Moshi wote wawili ni mwalimu mmoja wa hesabu, mara na miwani, mara bila miwani. Mwaka mmoja alimchora mla watu kutoka sayari ya mbali, akatoka mwenye nyumba wetu mtupu, na kipara chake na videvu vyake viwili. Brashi anaapa mpaka leo kwamba hakukusudia. Tulihama. Tangu siku hiyo maadui wote wa ukutani huvaa barakoa au huonekana mgongo.

Basi watu wanapenda kuwa mashujaa. Na kwa kuwa Brashi ana kichwa kigumu, wanapitia kwangu. Mimi nina cherehani kwenye chumba cha mbele, nabadilisha zipu na kupunguza suruali, na wiki ya mwisho ya mwezi chumba hujaa watu wasio na suruali ya kupunguza. "Shemeji, nisemee kwa Brashi." "Shemeji, mwangalie mwanangu alivyo na mabega." Nimeletewa nyanya, nimeletewa sabuni, nimepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa na watu ambao mwezi mzima hawanipi hata salamu. Nami namwambia Brashi, na mara nyingine anasikia. Mwenye duka la dawa aliwahi kuwa shujaa wa baharini kwa juhudi zangu, na akanunua nakala za ukoo mzima.

Ila mimi mwenyewe sijawahi kuchorwa hata siku moja. Wifi yangu, dada yake Brashi, alishachorwa mara tatu. Mara tatu, na moja kati ya hizo alikuwa anainua gari moshi, yeye ambaye hata ndoo ya maji huita watu. Nilikuwa namwambia mume wangu kwa utani, halafu kwa nusu utani, halafu bila utani. Jibu lilikuwa lilelile: "Mwezi ujao."

Mwezi ninaousimulia, Bwana Toleo aliingia na karatasi yake akakaa kwenye kiti cha wateja. Brashi hakuwepo, kwa hiyo alinisomea mimi.

"Sikiliza shemeji, mwezi unaokuja ni moto. Wiki ya kwanza, hadithi mpya kabisa. Binti Darubini. Anaona kupitia ukuta, na mtu akisema uongo anauona kooni kama mfupa wa samaki."

"Huyo hahitaji nguvu," nikasema, "anahitaji tu kuolewa. Wiki ya pili?"

"Mlinzi wa Paa anapatwa na kizunguzungu. Hawezi tena kupanda juu. Je, atailinda vipi mitaa?"

"Atembee chini kama sisi. Au aende hospitali."

"Wiki ya tatu, Pacha wa Moshi wamegombana. Mmoja amehama." Akashusha pumzi. "Na wiki ya nne sasa. Toleo nene, kurasa mara mbili. Kifaru wa Usiku anakutana uso kwa uso na Bi Tufani. Na Bi Tufani anavua barakoa, shemeji. Mara ya kwanza tangu hadithi ianze."

Nilichukua karatasi nikatazama. Kifaru wa Usiku, shujaa wa hadithi hiyo, lile jitu lenye pembe, limesimama kwenye mvua. Mbele yake mwanamke mwenye joho linalozunguka kama upepo wa vumbi, barakoa iko mkononi, na mahali pa uso mchapishaji ameweka doa jeupe. Chini wameandika: sura yake utaiona ndani.

"Brashi atafanyaje hapo?" nikauliza.

"Ndiyo shida. Doa jeupe ukutani litakuwa aibu. Lazima aweke uso. Lakini nani atakubali kuwa Bi Tufani? Huyu mwanamke alizamisha bandari."

Mimi sikuwa na habari na Bi Tufani. Macho yangu yalikuwa kwa Binti Darubini. Mwanamke, mpya, hana sura ya mtu bado, na wiki ya kwanza, pale mlangoni ambapo kila mtu anasimama. Nilijiambia huu ndio mwezi wenyewe. Nilikwenda hata kusuka nywele, ili asipate kisingizio.

Siku ya tatu nilipita mbele ya duka nikienda kununua uzi. Binti Darubini alikuwa ameshaanza kutokea kwa chaki. Sikuhitaji kungoja rangi, kidevu kile nakijua. Nimekaa nacho sebuleni miaka, nikikisikiliza.

Jioni Brashi alikula, mimi sikula.

"Umenuna?"

"Nimenuna."

"Kwa sababu ya ukuta?"

"Kwa sababu ya dada yako, ukutani, mara ya nne."

"Binti Darubini ana kidevu kirefu," akasema. "Kwenye karatasi yuko hivyo."

"Na mimi kidevu changu kina nini?"

Alikitazama. Alikitazama muda mrefu kuliko mume anavyotakiwa kutazama kabla ya kujibu swali kama hilo. "Hakina kitu," akasema.

Nilitoa vyombo. Najua ni ukuta tu, chokaa na rangi ya madebe, na kila mwezi hufutwa. Lakini iliniuma. Sisemi iliniudhi, kuudhika ni kazi yangu ya kila siku, naiweza. Iliniuma. Mtu anayeweza kumkumbuka mwenye nyumba mpaka mikunjo ya shingo, amelala kando yangu miaka yote hii na hajapata hata nyusi moja ya kunikumbuka nayo. Nilianza kufikiri labda nimekuwa kama kabati, unajua lilipo, hulitazami.

Wakati huo mtaa nao ulikuwa na wasiwasi wake. Brashi alikuwa amefunika sehemu ya wiki ya nne kwa turubai, anaingia chini yake asubuhi na kutoka mchana. Habari ikasambaa kwamba anatafuta uso wa Bi Tufani. Watu waliokuwa wakimfuata na nyanya sasa wakawa wanamkwepa. Mama muuza mkaa alipomwona anamkodolea macho alijifunika khanga mpaka puani. Mwenye duka la dawa alihudumia wateja siku nzima amevaa barakoa, akidai ana mafua. Hata kinyozi, mwanamume mwenye ndevu, alivuka barabara.

Jumamosi turubai ikashushwa. Mimi nilikuwa nimeshaapa siendi, nilikuwa na zipu ya sketi ya kubandua. Wifi ndiye aliyekuja mbio.

"Wifi, acha hiyo sketi. Twende."

"Wewe nenda kajitazame. Hongera ya mara ya nne."

"Sijaja kwa ajili yangu," akasema, na sauti yake haikuwa ya utani. "Usipokuja sasa hivi utasimuliwa na watu."

Nilikwenda na futi ya kupimia shingoni. Umati ulinipisha, na waliponipisha nilijua. Bi Tufani alikuwa mrefu kuliko wote, kichwa chake karibu kigonge bati. Joho limejaa vumbi na mabati yanayoruka. Na uso ni wangu. Jicho la kushoto limebanwa kidogo, vile linavyobanwa ninapotunga uzi. Alama ndogo juu ya nyusi, ya pasi, ambayo mimi mwenyewe nilishaisahau. Na kwenye pembe ya mdomo kitu chembamba kinang'aa, pini, kwa sababu mimi nikiwa kazini pini zangu hukaa mdomoni.

Hakuna aliyecheka. Bwana Toleo alikuwa ameshika mlango wa duka, tayari kuufunga.

"Brashi," nikasema. "Mimi ndiye adui?"

Alishuka ngazi taratibu, kama mtu anayejiandaa kupigwa vizuri.

"Nimekuchora shujaa mara nyingi," akasema. "Nakuchora, halafu nafuta kabla hujapita."

"Kwa nini?"

"Mashujaa wote wanatabasamu, mke wangu. Meno yote nje. Nikikuchora hivyo anatoka mtu mwingine, mgeni, simjui. Mimi nakujua umeinamia suruali ya watu, pini mdomoni, unaniambia nitoke kwenye mwanga. Huo ndio uso nilionao."

"Huo hata sisi tunao," akasema kinyozi, na hapo watu wakaangua kicheko, na kwa kweli hata mimi mdomo uliniponyoka kidogo.

Brashi hakucheka. Alikuwa anafuta mikono kwenye suruali, suruali ambayo mimi ndiye nitakayeifua. "Halafu tazama," akasema. "Wengine wote Kifaru anawapiga ngumi moja, anarudi zake kulala. Huyu peke yake ndiye anayemfanya asimame mlangoni kwanza, ajiulize, leo yukoje."

Nilitaka kuendelea kukasirika. Nilikuwa na akiba ya maneno ya wiki nzima na nilisikitika kuyaacha yaharibike. Lakini nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikaona haya mbele za watu, nikajifanya nalipima joho kwa futi yangu. Nilipopima niligundua Binti Darubini ananifikia magotini, nikamwonyesha wifi.

Mwezi ukaenda. Wiki ya nne toleo nene likafika, watu wakapanga foleni, na ndani, ukurasa wa katikati, Bi Tufani akavua barakoa. Alikuwa msichana mdogo, midomo myekundu, nyusi nyembamba kama uzi. Fundi viatu ndiye aliyekuwa wa kwanza kurudi dukani.

"Huyu siye."

"Ndiye," Bwana Toleo akasema. "Wenye hadithi wamemchora wenyewe."

"Basi wamekosea. Pini yake iko wapi?"

Akaja wa pili, akaja mwenye duka la dawa na nakala zake za ukoo mzima. Mwishowe Bwana Toleo aliwaambia wasomee nje. Mchana ule nilitoka na kuwakuta wamesimama mbele ya ukuta, vitabu mkononi, wanasoma mstari, wanainua macho kunitazama mimi wa ukutani, wanarudi kusoma.

Mwisho wa mwezi Brashi alitoka na ndoo ya chokaa. Alianza mlangoni, akamfuta dada yake bila kusita, akafuta kizunguzungu cha kinyozi, akafuta moshi wa mwalimu. Alipofika kwangu akaweka ndoo chini. Nilimwona kutoka ng'ambo, nikavuka. Bwana Toleo alikuwa hapo na karatasi mpya, akanisomea kabla sijauliza: wiki ya pili, Bi Tufani arudi, na safari hii hana huruma.

"Siwezi," Brashi akaniambia. "Mkono hauendi."

Nilimtazama yule mwanamke mkubwa na jicho lake la kushoto. Alikuwa mzuri, nasema mwenyewe. Kisha nikamwokotea mume wangu brashi nikamtia mkononi.

"Futa," nikamwambia. "Huyo ni wa mwezi uliopita. Nimeshazeeka mwezi mzima hapa, nitazame upya."